Una Miaka 17 na Doh Haikai Mfukoni? Panga Malengo Yako Foleni Kabla ID Itoke

Chukua Ijumaa yoyote jioni. Mfukoni uko na 550, na kichwani kuna vitu sita zinapigania hiyo doh. Kuna simu mpya, juu hii yako ukifungua TikTok inazima. Kuna viatu vya shule zenye zimefungua mdomo. Kuna beshte yako anatimiza 18 na mbogi imeamua kila mtu alete thao. Kuna 400 ya msee wa darasa lenu, yule siku hizi ukimwona mbele unageuka unajifanya unaenda choo. Kuna mashine ya kunyoa uliona Luthuli. Halafu kuna Good Conduct, juu buda ashasema ukimaliza shule hutakaa kwa nyumba ukihesabu mabati.

Kufika Jumapili usiku, hakuna hata kitu moja kati ya hizo sita imepata chochote. 550 imeenda na smokie, bando, fare ya kutoka tao wakati mvua ilinyesha makanga akapandisha, na soo moja ya kuongezea msee fulani mwenye alisema atarudisha Jumatatu. Ukiulizwa umenunua nini, huna jibu.

Sasa watu wazima wakiona hivyo wanakuambia "jifunze kuweka akiba." Poa. Akiba ya nini? Hapo ndio wao huishia kuongea, na hapo ndio shida yako inaanza. Wewe malengo uko nayo, tena mob. Shida ni zote zinasimama kwa mlango mmoja saa moja, na yenye inapiga kelele sana ndiyo inaingia. Mara nyingi yenye inapiga kelele ni smokie.

Kwa hivyo leo tuongee vile unapanga hizo vitu foleni. Hii ni ya wasee bado wako shule ama wametoka tu juzi, wenye pesa yao ni ya kuhesabika na inakuja vidogo vidogo. Kama wewe tayari unalipwa mshahara, soma tu, lakini hesabu zako zitakuwa tofauti.

Toa kwa kichwa, weka kwa karatasi

"Nataka simu" bado ni kilio tu. Inakuwa lengo ukishaipea vitu viwili: bei na tarehe. Na bei ni ile ya ukweli, yenye umeenda duka ukauliza, sio yenye msee wa Instagram aliandika "njoo inbox."

Wacha tutumie ile listi ya juu. Tuseme uko Form Three, shule ya kutwa, unaishi mahali kama Kayole ama Umoja. Nyumbani unapewa finje kila siku ya shule, hiyo ni 250 kwa wiki. Jumamosi unasaidia kwa car wash, unapata 300. Jumla ni 550. Tukubaliane pia wewe si malaika: 250 itaenda, utadishi, utanunua bando, utaishi. Inabaki 300 kwa wiki. Hiyo 300 ndiyo pesa yako ya ukweli. Ile 550 ni ya kujivunia tu.

Sasa andika bei. Deni 400. Viatu 1,500. Sherehe ya beshte 1,000. Mashine ya kunyoa 3,500. Simu 14,000. Good Conduct 1,050. Ukijumlisha ni 21,450. Gawanya kwa 300. Inatoka wiki 72, kumaanisha mwaka mmoja na zaidi ya miezi minne.

Hapo ndio wengi hufunga kitabu, wanasema haiwezekani, wanarudi kwa smokie. Usifunge. Hiyo namba 72 imekusaidia kitu moja kubwa: imekuonyesha huwezi pata zote mara moja, kwa hivyo lazima uchague nani anatangulia. Kabla uandike ulikuwa unajidanganya zote zinakuja "soon."

Kama uko boarding, hesabu yako haiendi kwa wiki. Pesa yako inaingia likizo, hasa Disemba, na wakati wa visiting. Wewe hesabu kwa likizo: Aprili naingiza ngapi, Agosti ngapi, Disemba ngapi. Ukipiga hesabu ya wiki kwa mia tatu na uko ndani ya geti miezi mitatu, utakuwa unajihesabia hewa.

Nani anakaa mbele?

Kuna maswali matatu ninauliza kila kitu iko kwa listi.

La kwanza: tarehe iliwekwa na nani? Kuna vitu zenye tarehe yake ni ya watu wengine, na hao watu hawakungoji. Karo, pesa ya trip yenye mwalimu anafunga listi, deni lenye uliahidi. Simu tarehe yake ni yako mwenyewe. Hiyo simu itakuwa dukani mwezi ujao, na kuna uwezekano bei itakuwa imeshuka. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, na haikuwa mambo ya kufeli. Karo ilikuwa na tarehe, na kwetu kila kitu kilikuwa kimewekwa laini moja na karo. Tangu hapo nikiona tarehe ya mtu mwingine ninaiheshimu.

La pili: nikichelewesha, ninaumia nini? Viatu ukichelewesha, maji inaingia, unapata homa, mwalimu wa zamu anakutoa laini. Deni ukichelewesha unapoteza jina, na kwa umri wako jina ndiyo mali kubwa uko nayo, juu hakuna benki inakujua. Simu ukichelewesha unaumia roho. Roho inapona.

La tatu: hii kitu ikikuja, itaniletea doh ama itanidai doh? Mashine ya kunyoa inaleta. Simu kwa kawaida inadai: bando, kava, kioo ikivunjika.

Ukipitisha ile listi kwa hayo maswali, inajipanga karibu yenyewe. Deni linaenda mbele. Viatu nyuma yake. Sherehe ya beshte iko na tarehe ya mtu mwingine, ni ukweli, lakini thao nzima ni wiki tatu na zaidi za jasho lako. Unaweza enda na soo mbili, ukamwambia mapema, ukaja pia kusaidia kupanga viti. Beshte mwenye atakukataa juu ya mia nane, manze, hiyo ni habari njema umeipata mapema.

Hapo hesabu iko hivi: 400 na 1,500 na 200 ni 2,100. Kwa 300 kila wiki, hiyo ni wiki saba kamili. Wiki ya saba huna deni, uko na viatu, na sherehe ulienda.

Kabla ya kitu kingine, weka 600 kando. Usiipee jina. Ni ile ya siku geometrical set imeibiwa, ama fare imepanda na mathe hana. Wiki mbili, umeimaliza. Bila hiyo 600, kila ajali ndogo itakuwa inavunja lengo kubwa, na utachoka kuanza upya. Ukiigusa, unairudisha kwanza ndio uendelee na foleni.

Sasa ile vita yenyewe: simu ama mashine?

Najua moyo wako unasema simu. Wacha tupige hesabu mbili, uone.

Njia ya kwanza, unaweka simu mbele ya kila kitu. 14,000 gawanya kwa 300, ni wiki 47. Wiki 47 za kuvaa viatu zimefungua mdomo na kukwepa msee wa 400. Ukifika, uko na simu na hakuna kingine.

Njia ya pili, foleni yetu. Wiki ya saba umemaliza deni, viatu na sherehe. Wiki ya tisa uko na ile 600 ya dharura. Kutoka hapo unaweka ya mashine, 3,500, wiki 12. Hiyo ni wiki ya 21, na soo moja imebaki. Sasa uko na mashine. Wikendi unanyoa watoto wa ploti, finje kila kichwa. Ukipata vichwa sita ni 300 zaidi, kumaanisha sasa unaweka 600 kwa wiki. 14,000, toa ile soo, gawanya kwa 600: wiki 24. Jumla, wiki ya 45 uko na simu.

Soma tena hapo. Simu imekuja wiki mbili mapema kuliko ungeiweka mbele, na juu yake uko na viatu, mashine, pesa ya dharura, na hakuna mtu unakwepa.

Hapo nimekuwa mpole kwa hesabu, najua. Kuna wikendi stima itapotea, kuna mama atakuambia "nitatuma jioni" na jioni isifike. Sawa, punguza nusu. Sema unapata vichwa vitatu tu, 150. Unaweka 450 kwa wiki, simu inakuja wiki ya 52. Umechelewa wiki tano, lakini bado uko na vingine vyote, na mashine haijaenda mahali. Hata ikienda vibaya, bado foleni imekulinda.

Kuna wenye watasema simu yao ndiyo wera: wana-edit video, wanapiga picha, wanauza nguo za mtumba kwa status. Inaweza kuwa ukweli. Njia ya kujua ni moja: ni watu wangapi wameshakulipa kwa hiyo kazi, ukitumia simu ya kuazima ama hii yako mbovu? Kama wako wanne, watano, simu ni chombo cha kazi, ipeleke mbele bila aibu. Kama jibu ni "nikishapata simu nitaanza," basi hiyo bado ni luku. Hakuna dhambi kutaka luku. Iandike tu mahali pake.

Na kabla ukimbilie ile ya lipa mdogo mdogo, piga hesabu yake pia. Tuseme wanataka 3,000 ya kuanza halafu finje kila siku kwa mwaka mzima. Finje mara 365 ni 18,250. Ongeza 3,000, ni 21,250 kwa simu ya 14,000. Hiyo tofauti ya 7,250 ni mashine mbili za kunyoa na pesa ya soda. Ukikosa kulipa siku kadhaa simu inafungwa, unabaki na kioo cha kujitazama. Na kwa sababu huna ID, itaandikwa jina la mathe. Deni litakuwa lake, simu itakuwa yako, na amani ya nyumba haitakuwa ya mtu yeyote.

"Leta nikuwekee"

Hakuna mtu amekulia Kenya hajui haya maneno. Mgeni amekuja, amekupea soo mbili, hujamaliza kusema asante na mathe ameshanyoosha mkono. "Leta nikuwekee." Hizo pesa mpaka leo bado zimewekwa.

Tunacheka, lakini hapa ndipo malengo mengi ya wasee wa umri wako hufia. Nakala nyingi za mambo ya pesa zinaongea kama wewe unaishi pekee yako. Huishi pekee yako. Umeweka 2,800, umebakisha kidogo ufikishe mashine, halafu jioni moja mathe anakuja kwa mlango, haongei vizuri, anauliza kama uko na kitu kidogo, juu gesi imeisha na mdogo wako amefukuzwa shule. Utamwambia nini? Kwamba hiyo ni pesa ya malengo?

Utampea. Na usikubali mtu yeyote wa mitandao akuambie umekosea. Kwa nyumba yenye watu hawajakula, chakula na shule ziko mbele ya mashine, foleni yoyote ile. Chenye unaweza fanya ni kupanga hii kitu kabla ifike.

Moja, pea nyumbani laini yake kwa listi. Ukiingiza 300 ya Jumamosi, toa hata 30 ama finje uweke kwa jina la nyumbani. Siku mathe akikuja, unaanza na hiyo. Mara nyingi mtu anataka 200 ya kusukuma siku, hataki 2,800 yote. Anachukua yote kwa sababu ameona yote.

Mbili, mwambie lengo lako kabla akuone na pesa. Tena mwambie na namba. Kuna tofauti kubwa kati ya "mathe naweka pesa" na "mathe, naweka ya mashine ya kunyoa, ni 3,500, nafikisha wiki ya pili ya Agosti, nikianza kunyoa nitakuwa nakuletea mboga ya Jumapili." Ya kwanza inasikika kama uko na pesa za bure. Ya pili ni mpango, na wazazi wengi wa mtaani ni watu wa chama, wanajua mpango ukionekana. Utashangaa mwenye anaanza kukukumbusha.

Tatu, pesa ikienda nyumbani, badilisha tarehe, usifute lengo. Uliandika Agosti, sasa andika Oktoba. Kata ile ya zamani kwa kalamu ibaki inaonekana. Wengi wetu tukivunja akiba mara moja tunaona mchezo umeisha, tunakula hata yenye ilikuwa imebaki. Umepoteza wiki tisa, bado uko na ile nyingine yote.

Kuna nyumba pia zenye mzazi anachukua doh ya mtoto na inaenda kwa pombe ama bet. Hiyo ni stori nzito na haitatuliwi na karatasi ya bajeti. Kama ndiyo hali yako, weka pesa kwa mtu mzima mwingine mwenye unaamini: shosh, auntie, mwalimu, mtu wa kanisa ama msikiti. Na ziandike nyinyi wawili, kila mtu abaki na karatasi yake.

Doh ilale wapi?

M-Pesa ilianza Machi 2007. Kumaanisha kama uko na miaka 17, hujawahi ishi hata siku moja Kenya bila M-Pesa. Kutuma doh kwako ni kama kupumua, na hapo ndio balaa. Pesa yenye inaweza toka na PIN ya namba nne saa tano usiku ukiwa na njaa haijawekwa, imeegeshwa tu.

Kwa pesa ndogo, kibubu bado inafanya wera, kile cha mbao chenye hakina mlango. Kukipasua ni kelele, na hiyo kelele inakupea dakika ya kufikiria. Ukishapita thao mbili hivi, usiweke kwa nyumba. Moto, wezi, na binamu wako wote wako na funguo.

Kuna M-PESA Go, ya wenye wako miaka 10 hadi 17. Mzazi ndiye anakufungulia na anaona vile pesa inatembea. Najua hiyo sehemu ya mwisho imekukera, lakini ni yako kwa jina lako. Benki nyingi pia ziko na akaunti za watoto, mzazi anaweka sahihi. Uliza kuhusu makato ya kila mwezi kabla ujaze fomu, juu akiba ya 300 kwa wiki haiwezi beba makato. Mzazi akiwa na M-Shwari, ambayo ilianza 2012, anaweza funga pesa kwa muda mkachagua mpaka siku fulani. Hapo kumbuka imefungwa kwa jina lake, kwa hivyo rudi kwa ile stori ya "leta nikuwekee" uamue kama unamwamini.

Chama ya mbogi ni tamu sana kama wasee ni wale wale wa kila siku. Watu kumi, soo kila wiki, kila wiki mmoja anabeba thao. Aibu ya kukosa mbele ya mabeshte inashinda kufuli yoyote. Lakini pigeni kura nani anaanza, na yule msee anajulikana kwa kuhama mtaa usiku mpeeni namba ya mwisho.

Halafu kuna money market fund, zile kila mtu X anaziongelea. Kwa ufupi, kampuni inakusanya pesa za watu wengi, inazikopesha serikali na mabenki kwa muda mfupi, faida inagawanywa. Zenye ni halali ziko chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA, na zingine kama Ziidi ya Safaricom unaanza hata na 100, lakini lazima uwe na 18 ama mtu mzima akufungulie. Ni poa. Usitarajie miujiza lakini. Tuseme inalipa asilimia 10 kwa mwaka na uko na 4,000: hiyo ni 400, serikali inakata asilimia 15 ya hiyo faida, unabaki na 340. Kwa kiwango chako faida yenyewe si stori. Stori ni kwamba pesa iko mbali na smokie.

Mtu akikuambia yake inalipa mara mbili kwa wiki, ama ulipe kwanza "registration" ndio uanze kulipwa kwa kupost status, uliza mathe ama shosh kuhusu DECI. Usiulize wakati anakula.

Siku ya 18

Watu wanaingoja hii siku kwa sababu ya club. Acha nikuambie chenye kinafunguka kweli. Ukipata ID na laini kwa jina lako, mlango wa akiba unafunguka, sawa. Lakini mlango wa madeni unafunguka siku hiyo hiyo, na ni mpana zaidi. Fuliza, ambayo imekuwako tangu 2019, itakungoja. App za mikopo zitakutumia meseji kama mtu anakupenda. Na kubet, ambayo kisheria ni ya wenye wamefikisha 18, itakuja na bonasi ya kukukaribisha. Ile ndege wasee wanaangalia ikipaa usiku kucha imeundwa na mtu mwenye anajua itaanguka mara ngapi, na si wewe.

Msee mwenye anafika 18 bila listi, hivyo vitu vinamwandikia listi. Anafuliza 200 ya sherehe, makato yanaongezeka kila siku, pesa ya kwanza ya kibarua ikiingia inakatwa kabla aione. Anakopa kwa app kulipa, hiyo app inapigia watu wa simu yake, jina linaenda CRB. Miezi sita tu na tayari yuko nyuma ya sufuri, na hajanunua kitu anaweza kukuonyesha.

Kwa hivyo kwa ile karatasi yako, chora laini. Chini ya laini andika vitu za baada ya ID. KRA PIN, hiyo ni bure, usilipe mtu wa cyber zaidi ya pesa ya kuchapisha. Laini kwa jina lako. Akaunti yako mwenyewe. Kozi ukitaka, na bei yake. Na ile Good Conduct ya buda, juu usiku mlinzi wa geti, mhudumu wa supermarket na hata kazi ya ndani siku hizi wanaulizwa hiyo karatasi kabla waulizwe jina. Unaomba kwa eCitizen, unaenda kupigwa alama za vidole.

Nimeona wasee wamepata kazi Jumatatu, wakaipoteza Ijumaa, juu walikuwa wanatafuta hiyo pesa mtaani na mwajiri hakungoja. Ni 1,050. Finje moja kila wiki, wiki 21.